Uzi: "Ni upepo tu, utapita" – neno upepo kwa mtu wa mjini na kwa mtu wa ziwani

Wanajukwaa wa lugha, nawasalimu nyote.

Uzi huu unahusu sentensi moja yenye maneno manne: "Ni upepo tu, utapita." Nimeisikia mara nyingi, lakini mara mbili niliisikia kwa namna ambayo sitaisahau. Mara ya kwanza ilikuwa ofisini, hapa Mwanza mjini, siku zilipoenea habari kwamba baadhi yetu tungepunguzwa kazi. Mzee mmoja aliyekuwa amebakiza miaka michache kustaafu alituambia maneno hayo huku akiendelea kupanga majalada yake, nasi tukatulia, na kweli habari zile zilikufa zenyewe. Mara ya pili ilikuwa mwaloni, yaani ufukweni wavuvi wanapofikia, katika kambi ya dagaa upande wa Ukerewe, na msemaji alikuwa kijana aliyekuwa ameshika kamba ya mtumbwi tayari kuusukuma majini. Maneno yalikuwa yale yale na sauti ya kutuliza ilikuwa ile ile, ila matokeo yalikuwa mengine kabisa. Nitalieleza tukio hilo la pili hapo chini, baada ya kulichambua neno lenyewe, kwa sababu nikilieleza sasa litaonekana kuwa uzembe wa kijana mmoja, ilhali mimi ninaamini kuwa lugha nayo ilikuwa na sehemu yake.

Neno upepo limo katika ngeli ya U-ZI: upepo huu unavuma, pepo hizi zinavuma. Lina ukoo mkubwa, na ukoo huo unaonekana wazi zaidi ukikaa mwaloni asubuhi kuliko ukifungua kamusi. Mama aliyeanika dagaa huwakusanya kwenye ungo, akasimama pale panapopita upepo, akawarusha juu kidogo na kuwadaka, na kila anaporusha, vumbi, magamba na vichwa vilivyokatika hupeperuka pembeni na dagaa safi hubaki. Hapo anapepeta. Mtoto wake amelala kivulini, na dada mtu anampepea kwa kipande cha boksi ili nzi wasimsumbue. Mfuko wa nailoni uliofungwa kwenye kijiti cha mtumbwi unapepea, na kipepeo anapita zake juu ya magugu. Pepeta, pepea, peperuka, peperusha, kipepeo, upepo: yote ni mzizi mmoja, na mzizi huo si wa Pwani peke yake. Ng'ambo ya ziwa letu, Waganda husema empewo kwa upepo na pia kwa baridi, na Wanyarwanda husema imbeho kwa baridi. Hewa, tufani na dhoruba tumezipata kutoka Kiarabu, lakini upepo ni neno la Kibantu la tangu zamani.

Wingi wake, pepo, ndio unaoingia mahali pazito zaidi. Pepo ni zile zinazovuma, lakini pepo pia ni kiumbe asiyeonekana anayempanda mtu, na Pepo ni mahali pa raha pa waja wema huko akhera. Wapo wanaosema kwamba hayo ni maneno matatu yaliyofanana kwa bahati, na kamusi nyingi huyaorodhesha kila moja peke yake. Mimi siamini kuwa ni bahati. Angalieni kitenzi kupunga: mtu aliyechoka na joto hutoka nje kupunga upepo, na mganga humpunga pepo mgonjwa wake kwa ngoma na ubani. Kitenzi ni kimoja, na mwendo wa mkono ni mmoja. Wazee walioona kitu kinachosukuma matawi bila kuonekana, na wakaona kitu kingine kinachomtikisa binadamu bila kuonekana, hawakuhitaji mizizi miwili. Hata ugonjwa unaokaza misuli ya mwili mzima, pepopunda, umebeba jina hilo hilo.

Tukiacha umbo, tuangalie kitenzi kinachoambatana na upepo, maana nadhani sentensi yetu imetokea hapo. Upepo huvuma. Nyuki nao huvuma mzingani, ngoma huvuma, na jina la mtu likisikika kila mahali tunasema amevuma. Ndiyo maana avumaye baharini ni papa, kumbe wengi wapo. Habari isiyo na mwenyewe nayo huvuma, ikawa uvumi. Kwa hiyo Kiswahili kilikwisha kuunganisha upepo na maneno ya watu muda mrefu kabla ya simu za mkononi: vyote viwili ni sauti inayokuja kutoka mahali usipopaona. Kisha ipo methali isemayo kuwa ngoma ivumayo haidumu. Ukiweka pamoja kitenzi hicho na methali hiyo, hitimisho linajileta lenyewe: kilicho na kelele hakina umri, na upepo una kelele, basi upepo utapita. Mzee wa ofisini hakukosea hata kidogo. Alitumia sitiari iliyokomaa, na aliitumia mahali pake.

Lakini katika Kiswahili hicho hicho upepo una sitiari nyingine inayokwenda kinyume na hiyo. Tunaposema bendera hufuata upepo, upepo si kelele tupu. Ni nguvu inayoamua bendera itaelekea wapi. Mwanasiasa anayesoma upepo kabla ya kutangaza msimamo, mfanyabiashara wa sangara anayesema upepo umegeuka baada ya bei kushuka, kocha anayelalamika kwamba timu yake inacheza kinyume cha upepo hata siku ambayo hakuna jani linalotikisika, hao wote wanazungumzia kitu chenye mwelekeo ambacho mtu hawezi kukishinda, bali hukisoma na kujipanga. Kwa hiyo tuna neno moja lenye maana mbili za kitamathali zinazopingana: upepo ambao ni wa kupuuzwa, na upepo ambao ni lazima usomwe. Msikilizaji huchagua kwa kuangalia muktadha, na mara nyingi huchagua vizuri.

Maana hii ya pili ni ya mabaharia, na iko karibu mno na maana ya msingi. Watu wa Pwani waliishi kwa pepo mbili za msimu. Kaskazi, inayovuma kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi karibu Machi, ilileta majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi. Kusi, inayoshika baada ya hapo na kuendelea katikati ya mwaka, iliyarudisha. Nahodha aliyechelewa kuondoka na kusi hakuambiwa kuwa upepo ungepita. Aliambiwa asubiri miezi. Pepo hizo zilikuwa na uzito kiasi kwamba zilizaa majina ya pande za dunia: kaskazini ni kule kaskazi inakotoka, na kusini ni kule kusi inakotoka. Mashariki na magharibi zimetokana na maneno ya Kiarabu ya kuchomoza na kuzama kwa jua, lakini pande mbili zilizobaki zimetokana na upepo. Mtoto wa Nyamagana au Ilemela anapochora dira kwenye daftari lake la jiografia, anaandika majina ya pepo mbili za Bahari ya Hindi, na sidhani kama kuna mwalimu anayemwambia. Mimi mwenyewe nilijua nikiwa mtu mzima, na nilifurahi siku nzima.

Sasa tuje ziwani, kwa sababu upepo wa hapa haufuati misimu miwili tu, bali hufuata zaidi saa za siku.

Ziwa Victoria lina eneo la takriban kilomita za mraba 68,000, lakini kina chake cha wastani ni kama mita 40 tu. Mchana jua likipiga, nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji. Kwa hapa kwetu ongezeni na haya majabali yetu, ambayo kufika saa saba mchana huwezi kuyakalia. Hewa iliyo juu ya nchi kavu hupanda, na hewa ya ziwani iliyo baridi zaidi huja kujaza nafasi. Huo ndio upepo ambao mtu wa Kirumba au Capri Point huupunga alasiri. Usiku mambo hugeuka: nchi kavu hupoa haraka, maji hubaki na joto lake, na upepo huanza kutoka nchi kavu kwenda ziwani. Kwa kuwa ziwa limezungukwa na nchi kavu pande zote, pepo hizo za usiku kutoka Tanzania, Kenya na Uganda hukutana juu ya maji. Hewa hukosa pa kwenda ila juu, na mawingu ya radi hujengeka. Ndiyo sababu dhoruba nyingi za ziwani hutokea usiku wa manane kuelekea alfajiri, wakati watu wa mjini wamelala.

Wakati huo ndio wa kazi kwa mvuvi wa dagaa. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, zamani karabai, siku hizi zaidi taa za betri na za sola, na huvuliwa siku za giza, kwa sababu mbalamwezi ikiwaka taa haziwavuti. Kwa hiyo saa ambazo mvuvi yuko mbali na nchi kavu ndizo saa ambazo wingu linakomaa. Na upepo wa wingu hilo huja kabla ya mvua. Mvua inapoanza kumwagika ndani ya wingu, huburuta hewa baridi kwenda chini, na hewa hiyo ikigonga uso wa maji hutawanyika pande zote kwa kasi. Mvuvi huhisi baridi ya ghafla usoni, na baada ya hapo hana muda mrefu. Mawimbi yanayofuata ni mafupi na yamesimama wima, hayana nafasi ndefu kati yake kama ya bahari kuu, hivyo mtumbwi haujainuka vizuri kutoka kwenye wimbi moja kabla jingine halijaupiga.

Sasa naweza kulieleza lile tukio. Nilikuwa nimekwenda kumjulia hali mjomba wangu, ambaye amekuwa nahodha wa mitumbwi ya dagaa kwa miaka mingi. Jioni, kwenye kibanda cha mama lishe, redio ilitoa tahadhari ya upepo mkali na mawimbi makubwa katika Ziwa Victoria. Mjomba alisikiliza hadi mwisho, akaenda kufunga kamba ya mtumbwi wake mara ya pili. Kijana niliyemtaja alicheka kwa heshima na kumwambia: "Mjomba, ni upepo tu, utapita." Nilikuwepo, na nakiri kwamba masikioni mwangu, mimi mtu wa ofisi, maneno yale yalisikika kama maneno ya busara. Mitumbwi mitatu ilitoka. Wa mjomba ulibaki.

Taa za dagaa zikiwa mbali huonekana kama mji uliojengwa juu ya maji. Kama saa tisa usiku mabati ya kambi yalianza kugongana na baridi ikaingia ndani kama mtu amefungua mlango. Nilipotoka nilimkuta mjomba amesimama ukingoni, hana hata shuka mabegani, anahesabu taa kwa kidole. Zilizimika upande wa kushoto kwanza, moja moja, kisha zote. Hakusema neno. Tulikaa pale hadi kulipokucha, na namshukuru Mungu kwamba mitumbwi yote mitatu ilirudi na watu wake wote, bila taa na bila nyavu, kwa kuwa walilazimika kuzikata wajiokoe. Kijana yule viganja vilikuwa vimechunika kwa kuchota maji kwa ndoo iliyovunjika mpini. Aliketi mchangani mbele ya mjomba, akasema kwa sauti ya chini, "Mjomba, nilidhani ni upepo." Mjomba akamjibu, "Ulikuwa upepo."

Nimekuwa nikiyatafakari majibizano hayo kwa miaka kadhaa. Kijana hakuwa anadanganya na hakuwa anajitetea. Katika kinywa chake neno upepo lilikuwa limebaki na maana moja tu, ile ya mjini, ya kitu chenye kelele kisicho na uzito, kiasi kwamba alipotaka kueleza kilichompata ziwani aliona neno hilo halitoshi. Mjomba alilirudisha mahali pake. Hoja yangu ni kwamba sitiari ikitumika sana inaweza kuichakaza maana ya msingi, na kwa maneno mengi hilo halidhuru, lakini kwa neno hili, mahali hapa, linadhuru.

NYONGEZA YA KWANZA. Nashukuru kwa michango. Ndugu aliyeuliza tofauti ya upepo na hewa, swali lako ni zuri kuliko unavyodhani. Kanuni ya darasani ni kwamba hewa ni ile tunayoivuta, na upepo ni hewa iliyo katika mwendo. Lakini piteni kwa fundi pancha yeyote Igoma au Buhongwa: hakuna anayejaza hewa, wote wanajaza upepo. Tairi halina upepo, mpira umeisha upepo, baiskeli ongeza upepo kidogo nyuma. Hewa iliyofungiwa ndani ya tairi haivumi popote, na bado tunaiita upepo, nami naona kuna mantiki ndani yake: hewa inaitwa upepo pale inapofanya kazi, inaposukuma au kubeba kitu. Pikipiki yenye abiria wawili na gunia la mkaa inabebwa na upepo, kwa maana halisi kabisa. Kwa fundi huyo upepo si kitu kitupu.

NYONGEZA YA PILI. Dada aliyeandika kwamba ninaionea lugha, na kwamba kijana alitoka kwa sababu ya shida na si kwa sababu ya neno, ana hoja nzito na sitaipita juu juu. Ni kweli kwamba siku za giza kwa mwezi hazizidi wiki tatu, kwamba usiku mmoja wa kukaa ufukoni ni usiku usio na posho, na kwamba tajiri mwenye mtumbwi na injini hapendi kusikia habari za mawingu. Kijana yule alikuwa na mke aliyejifungua mwezi huo. Ninachosema ni kwamba mtu mwenye shida hutafuta neno la kumruhusu, na lugha ilimpa neno jepesi lililokuwa tayari mdomoni. Laiti sentensi ile isingekuwepo, huenda angetoka vilevile, lakini angelazimika kusema kitu kingine, kwa mfano "wimbi la leo nalimudu," na hapo mjomba angekuwa na cha kumjibu. Kwa "ni upepo tu" hakuna jibu, kwa sababu sentensi imekwisha kujijibu.

NYONGEZA YA TATU, na ni ya mwisho kwa upande wangu. Mkuu mmoja amekumbusha neno shwari, nami nimeona aibu kwamba sikulitaja. Shwari ni utulivu wa maji wakati upepo umekoma, na leo ndilo jibu la salamu: mambo shwari, nyumbani shwari. Maana ya kitamathali imelichukua neno karibu lote, lakini ona tofauti: mvuvi akisema ziwa ni shwari, na mtu wa mjini akisema kazi ni shwari, wote wanamaanisha usalama. Sitiari imekwenda upande mmoja na maana ya msingi. Vivyo hivyo kuchafuka: ziwa likichafuka ni hatari, na hali ya hewa ya kikao ikichafuka unajua la kufanya. Upepo peke yake ndio uliokwenda njia mbili, na ndiyo maana sitaki mtu aseme kwamba ninapinga sitiari zote za hali ya hewa.

Aliyeuliza ni nini kifanyike, nina jambo moja dogo. Ilani za Mamlaka ya Hali ya Hewa huja na vipimo; kwa upande wa bahari, kwa mfano, tumezoea kusikia upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayofikia mita 2. Zikipita kwenye midomo mitatu kabla ya kufika mwaloni, hubaki "leo wamesema kuna upepo." Neno lililobaki peke yake ndilo hilo lililochakaa. Mjomba akitoa habari huwa halitumii hivyo. Husema unatoka wapi, utaanza saa ngapi, na ziwa litakuwaje ukifika: "Utatoka kule kwenye kisiwa, baada ya saa nane, na wimbi litakuwa la kukata." Nimewahi kumsikia akitoa habari ya namna hiyo bila kulitaja neno upepo hata mara moja, na kila mtu akaelewa na kuvuta mtumbwi wake juu.

Ninaomba wenyeji wa visiwa na wa mwambao, Wakerewe, Wajita, Wazinza, Wasukuma, Wahaya, Wakara na Wajaluo wa huku kwetu, mtuandikie hapa chini majina ya pepo mnayoyatumia kwenu: upepo wa usiku unaotoka nchi kavu mnauitaje, ule wa alasiri mnauitaje, na ule wa baridi unaotangulia mvua una jina lake au hapana. Anayejua namna wazee wake wanavyolitambua wingu lenye upepo kabla halijafika, aeleze pia. Nitayakusanya majina hayo kwenye daftari moja, na mwezi ujao nikienda Ukerewe nitamsomea mjomba aniambie ni yapi anayatambua.